Fizi zinatoka damu, zimevimba au meno yanacheza: tafuta chanzo hapa

Vitabu vingi vinasema fizi nzima ina rangi ya waridi. Kwetu hilo linapotosha, maana fizi za wengi wetu zina madoa ya kahawia au weusi wa kuzaliwa nao, na weusi huo si ugonjwa. Achana na rangi, angalia mengine. Fizi nzima imekaza. Ukingo wake ni mwembamba na umelala vizuri juu ya jino. Kati ya jino na jino imechongoka na kujaza nafasi. Fizi mgonjwa inang'aa, imetuna ukingoni, na ukiigusa kidogo tu inatoa damu. Simama mlangoni penye mwanga wa kutosha, shika kioo, vuta mdomo wa chini kwa kidole, kisha wa juu. Ukishaona hali ilivyo, tafuta dalili yako hapa chini.

Jambo moja kabla hujaanza: usisubiri maumivu. Ugonjwa wa fizi wa kawaida hauumi mpaka umeshakula mfupa. Mtu anafika hospitali meno manne yanacheza, na neno lake la kwanza ni "mimi sijawahi kuumwa jino". Anasema kweli kabisa.

Damu kwenye mswaki, au ukiuma tufaa unaona wekundu

Hii ndiyo dalili ya wengi, na mara nyingi chanzo chake ni utando wa bakteria unaojijenga pale fizi inapokutana na jino. Utando huo ni laini, mweupe au wa manjano. Ukikwangua kwa ukucha asubuhi unautoa. Ukiachwa, chumvichumvi za kwenye mate zinaugandisha ndani ya siku chache hadi wiki mbili, nao unakuwa ugaga. Ugaga hautoki kwa mswaki, hata ukisugua kwa hasira. Kuuchokonoa kwa pini au ncha ya kisu ni kujitafutia kidonda.

Mwaka 1965, Harald Löe na wenzake wa chuo cha meno cha Aarhus, Denmaki, walichukua watu 12 wenye fizi nzima wakawaambia waache kusafisha meno. Kati ya siku ya 10 na ya 21 fizi za wote zilikuwa zimevimba. Waliporudia usafi, ndani ya takriban wiki moja fizi zilitulia. Mpaka leo hakuna jaribio linaloeleza jambo hili kwa ufupi kuliko hilo: uvimbe wa mwanzo unaletwa na utando, na unaondoka utando ukiondoka.

Sasa tazama tunavyofanya. Mtu akiona damu anaogopa, anapaacha pale panapotoka, anapiga mswaki pengine. Utando unazidi pale pale, damu inaongezeka, naye anazidi kupakwepa. Wengine wanaacha mswaki wiki nzima "fizi zipone kwanza". Inatakiwa kinyume chake: panapotoka damu ndipo pa kusafisha kwa makini zaidi, taratibu, kwa mswaki laini.

Kwa hiyo jipime kwa wiki mbili. Mara mbili kwa siku, dakika mbili kila mara, na ya usiku ndiyo usiyoiruka. Tumia mswaki wa nywele laini na dawa ya meno yenye floridi. Ulaze mswaki nusu mshazari, nywele zielekee kwenye ukingo wa fizi, kisha utikise kwa miendo mifupi, meno mawili matatu kwa wakati mmoja. Ule msuguo mrefu wa kwenda na kurudi kama msumeno ndio unaokula fizi na shingo ya jino. Katikati ya meno mswaki haufiki. Pitisha uzi wa meno mara moja kwa siku, na kama meno yako yana nafasi, tumia vile viburashi vidogo vya katikati ya meno ukivipata. Njiti ya kiberiti haifai. Mkaa uliosagwa nao unakwangua kupita kiasi, hata kama bibi aliutumia miaka yote. Mswaki wa mti unafaa ukitafunwa ukalainika na ukafika mpaka meno ya nyuma upande wa ndani, mahali ambapo wengi hawaufikishi.

Wanaoishi Makete, Njombe au kandokando ya Kitulo wana kikwazo cha peke yao. Mwezi wa sita na wa saba maji ya asubuhi yanakata kwa baridi, na fizi iliyokwisha kusinyaa inaacha shingo ya jino wazi. Maji yakigusa pale mtu anaruka. Matokeo yake anasukutua haraka haraka na kutema, anahesabu amepiga mswaki. Pasha maji kidogo kwenye sufuria ya chai. Ukipenda, weka nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu usukutue baada ya mswaki. Inatuliza uvimbe, ila haiondoi utando, kwa hiyo isichukue nafasi ya mswaki.

Majibu yanasomwa hivi. Damu ikipungua kuanzia wiki ya kwanza na kukoma kufikia ya pili, tatizo lilikuwa utando. Endelea hivyo hivyo. Ikipungua kila mahali isipokuwa sehemu moja, pale kuna kitu: kipande cha ugaga, jino lililotoboka chini ya fizi, au jino lililozibwa vibaya ukingo ukabaki nje. Isipopungua popote, ugaga umeshakaa na unahitaji kukwanguliwa hospitali, au kuna jambo mwilini linalosukuma kutoka ndani. Damu inayotoka yenyewe usiku ukakuta mto umelowa, ikiambatana na homa, uchovu au michubuko ya ngozi isiyoeleweka, usiifanyie jaribio la wiki mbili. Nenda upimwe damu. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda naye amwambie daktari wake, asiziache kwa uamuzi wake.

Damu haitoki, ila unavuta sigara au unatumia ugoro

Usifurahi mapema. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu kwenye fizi, hivyo fizi ya mvutaji inaweza kuonekana kavu, ngumu na tulivu huku mfupa ukiliwa chini yake. Yaani tumbaku inazima taa ya tahadhari. Chunya na sehemu za Iringa ni nchi ya tumbaku na wapo wanaoitumia tangu ujana, kwa hiyo mvutaji wa zaidi ya miaka kumi apimwe fizi hata kama hana dalili. Na akiacha, asishangae damu ikianza kuonekana wiki za mwanzo: mishipa inafunguka. Wengine hulisoma hilo kama ishara kwamba kuacha sigara kumewadhuru, wakairudia.

Harufu mbaya ya kinywa

Mwenye nayo ndiye wa mwisho kujua. Kwanza safisha ulimi, hasa nyuma. Sehemu kubwa ya harufu ya asubuhi inakaa huko. Ikibaki baada ya siku kadhaa, pitisha uzi katikati ya magego, kisha uunuse. Uzi ukinuka au ukitoka na damu, harufu inatoka kwenye fizi. Usipoonyesha kitu, fikiria jino bovu, tonsili, mafua ya muda mrefu yanayoshuka kooni, au kinywa kikavu. Pipi za minti zenye sukari zinaficha saa moja na kulisha bakteria siku nzima.

Uvimbe mahali pamoja tu

Anza na swali la kijinga: ulikula nini? Msimu wa mahindi ya kuchoma, pale Uyole, Makambako au Mafinga, ganda jembamba la punje linaingia chini ya fizi na kukwama, na siku ya pili fizi imevimba, inauma ukiigusa. Mwiba wa samaki wa Kyela hufanya vivyo hivyo. Pitisha uzi taratibu pande zote mbili za jino hilo, sukutua kwa maji ya chumvi. Likitoka, nafuu inaanza ndani ya siku moja au mbili.

Kama hakuna kilichokwama, tofautisha jipu la fizi na jipu la jino, kwa sababu tiba zake haziko sawa. Jino lenye tundu, lililokuwa likiuma kwa maji baridi au chai ya moto na maumivu yakabaki muda mrefu, kisha likatulia ghafla na sasa fizi imevimba karibu na mzizi: hapo chanzo ni jino, nalo linahitaji kutibiwa mzizi au kung'olewa. Jino lisilo na tundu, linalocheza kidogo, ukibonyeza fizi unaona usaha unachungulia ukingoni: hapo chanzo ni fizi. Uvimbe nyuma kabisa kwa kijana wa miaka 17 hadi 25 mara nyingi ni gego la mwisho linalotoka nusu na kufunikwa na kipande cha fizi ambacho chakula kinaingia chini yake.

Sasa kuhusu duka la dawa. Desturi imejengeka: uvimbe wa fizi ukitokea mtu ananunua metronidazoli, ile ya flajili, na amoksilini vidonge vichache, uvimbe unashuka, maisha yanaendelea. Unashuka kweli. Lakini ugaga na usaha vimebaki mfukoni mwa fizi, yaani kwenye nafasi iliyofunguka kati ya fizi na jino, na baada ya wiki kadhaa unarudi, safari hii ukikuta bakteria waliokwisha zoea nusu dozi. Antibayotiki peke yake haiponyi fizi. Inaandikwa na mtaalamu pale penye homa, uvimbe unaosambaa au kinga iliyoshuka, na inakwenda pamoja na kusafisha. Aliyeandikiwa metronidazoli huonywa asiguse pombe mpaka amalize na siku kadhaa zipite, na ulanzi na kimpumu ni pombe, hata kama vimekaa kwenye kundi la "vinywaji vya nyumbani".

Tena usiweke asprini juu ya fizi, wala karafuu iliyosagwa ukaiacha pale usiku kucha, wala kushikilia pombe kali mdomoni. Vyote vinachoma, na vinamwachia daktari vidonda viwili badala ya kimoja. Asprini inamezwa, na kwa mtu mzima tu. Ukitaka kutuliza maumivu usiku, parasitamoli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti inatosha kukufikisha asubuhi.

Usingoje asubuhi kama uvimbe umeshuka chini ya taya au shingoni, mdomo haufunguki, kumeza ni shida, sauti imebadilika, au unapumua kwa tabu. Tafuta usafiri usiku huo huo.

Fizi zimevimba kote, na kuna mimba au dawa ya kila siku

Mama mjamzito akianza kutokwa na damu kwenye fizi mwezi wa pili au wa tatu, homoni zimefanya fizi ziupokee utando uleule kwa ukali zaidi. Anaweza pia kuota kinyama chekundu kati ya meno, kinachotoa damu kirahisi. Kikitokea, mara nyingi kinasinyaa chenyewe baada ya kujifungua, ila kionyeshwe. Ule usemi kwamba kila mtoto anaondoka na jino la mama hauna msingi. Kusafishwa meno wakati wa ujauzito ni salama, na miezi ya nne hadi ya sita ndiyo yenye raha zaidi kwa mama kukaa kwenye kiti. Amwambie mhudumu mimba ina miezi mingapi, maana zipo dawa, kama tetrasaikilini, zinazoharibu rangi ya meno ya mtoto.

Fizi zinazokua mpaka kufunika meno, zikiwa ngumu na haziumi sana, zinakutuma kuangalia dawa zako. Fenitoini ya kifafa inafanya hivyo. Nifedipini na amlodipini za presha nazo zinafanya kwa baadhi ya watu. Usiiache dawa. Kifafa kikirudi ukiwa jikoni karibu na moto, au presha ikipanda, fizi itakuwa jambo dogo. Nenda na pakiti ya dawa kwa daktari wako; huenda akabadilisha, na usafi mzuri peke yake hupunguza ukuaji kwa kiasi kikubwa.

Meno yamerefuka, yameachana, yanacheza

Mzee wa miaka 60 anaambiwa na kila mtu kwamba ni uzee. Si uzee. Meno hayalegei kwa miaka. Yanalegea kwa mfupa ulioliwa pole pole kwa miaka. Jino "lililorefuka" halijakua, fizi na mfupa ndivyo vilivyoshuka. Mwanya mpya katikati ya meno ya mbele kwa mtu mzima unasema jambo hilohilo.

Hospitali watapitisha kipimo chembamba chenye alama za milimita kati ya fizi na jino. Milimita 1 hadi 3 ni kawaida. Kuanzia 4 ni mfuko unaohitaji tiba, na kadiri unavyozidi ndivyo mswaki wako unavyoshindwa kufika chini. Picha ya eksirei itaonyesha mfupa uliobaki. Omba kuelezwa namba zako, uziandike mahali. Ndizo utakazolinganisha utakaporudi.

Meno yakicheza, waulize pia kama upimwe sukari, hasa ukiwa na kiu isiyoisha, mkojo wa mara kwa mara au uzito unaopungua. Kisukari kisichodhibitiwa kinaharakisha kuliwa kwa mfupa, na fizi zenye uvimbe nazo zinafanya sukari iwe ngumu kushuka. Wapo ambao kisukari chao kiligunduliwa kwa njia ya kinywa.

Tiba ni kukwangua ugaga juu na chini ya fizi, kwa ganzi panapohitajika, wakati mwingine kwa awamu mbili au zaidi. Hapa ndipo inapozaliwa ile hadithi ya mitaani kwamba kusafisha meno kunayalegeza. Ilivyo ni kwamba ugaga mwingi ulikuwa umeyashikanisha meno kama zege, na uvimbe ulikuwa umejaza nafasi. Ukitolewa, ulimi unakuta mianya, meno yanasisimka kwa baridi kwa siku au wiki kadhaa, na jino lililokuwa limelegea tangu zamani sasa linajulikana limelegea. Subiri. Fizi ikishakaza, meno mengi yaliyokuwa yakicheza kidogo yanatulia. Mfupa uliokwisha kuliwa kwa kawaida haurudi; kinachotafutwa ni usiendelee kuliwa.

Ukipewa dawa ya kusukutua ya kloroheksidini ya asilimia 0.2, ni mililita 10 kwa dakika moja, mara mbili kwa siku, na isizidi wiki mbili bila kuambiwa. Iachie nusu saa baada ya dawa ya meno, la sivyo zinapunguzana nguvu. Inaacha madoa ya kahawia, na chai ya rangi inayazidisha, iwe ya Mufindi au ya Rungwe. Madoa hayo yanasafishika.

Kung'oa kubaki mwisho wa orodha. Jino linalocheza juu chini ukilisukuma kwa ulimi, lenye usaha usiokoma, huenda lisiokoke. Lakini jino linalotikisika kidogo pembeni usikubali liondoke kabla ya mtu kujaribu kulisafisha.

Maumivu ya ghafla, vidonda ncha za fizi, harufu kali

Hii ni tofauti na yote ya juu. Ndani ya siku chache ncha za fizi katikati ya meno zinakatika kana kwamba zimekatwa kwa patasi, zinafunikwa na utando wa kijivu, zinatoka damu zenyewe, na mtu hawezi kutafuna. Inawapata waliochoka, wanaovuta sana, wasiokula vizuri, na wale ambao kinga ya mwili imeshuka.

Mikoa yetu ina sababu ya kulisema hili waziwazi. Utafiti wa kitaifa wa 2022–2023 uliikuta Njombe na maambukizi ya VVU ya asilimia 12.7 ya watu wazima, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6, wakati wastani wa nchi ni 4.4. Fizi zinazotoka damu kwenye mswaki hazimaanishi una VVU. Kwa walio wengi ni utando tu. Lakini vidonda vya namna hii, au mstari mwekundu ukingoni mwa fizi usioondoka hata usafi ukiwa mzuri, ni sababu ya kupima kama hujapima. Anayetumia ARV, dawa za VVU, na akaona hivi awaambie wa CTC, kliniki anakochukulia dawa hizo, maana huenda dawa zinahitaji kuangaliwa.

Kwa mtoto mdogo aliyedhoofu, hasa aliyetoka kuumwa surua, kidonda cha fizi chenye harufu na mate yanayochuruzika, kisha shavu likaanza kuvimba, ni dharura ya siku hiyo hiyo. Ugonjwa huo, noma, ni nadra, lakini unatoboa shavu kwa siku chache na unaua. Ukiwahiwa mwanzoni unatibika kwa antibayotiki, usafi wa kinywa na chakula. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza kwenye orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika.

Mtoto mchanga, "meno ya plastiki"

Mtoto anaharisha, ana homa, mtu anamfungua mdomo na kuona vivimbe vyeupe kwenye fizi pale chonge zitakapotokea. Hivyo ni vichwa vya meno ya utoto yaliyo njiani. Kuvichokoa kwa kisu au spoku ya baiskeli kumeua watoto kwa damu, pepopunda na maambukizi, na waliobaki wengi meno yao ya baadaye yametoka na kasoro. Homa na kuhara vina chanzo kingine, na kinapatikana zahanati.

Vinavyofanana na ugonjwa wa fizi

Aliyekulia Arusha akahamia Mbeya na meno yake ya kahawia hana ugaga. Ni floridi nyingi ya maji ya kule, imo ndani ya jino lenyewe na haikwanguliki. Fizi iliyosinyaa upande mmoja tu, jino likiwa na mfereji shingoni, mara nyingi ni mkono mzito wenye mswaki mgumu. Mtoto wa miaka sita mwenye fizi nyekundu pale gego jipya linapochomoza anahitaji mswaki tu. Kidonda kimoja au uvimbe mgumu usiopona kwa wiki mbili hadi tatu, kwa mtu mzima, uonwe na daktari hata kama hauumi.

Ukienda hospitali

Zahanati nyingi hazina kiti cha meno. Anzia hospitali ya wilaya au kituo cha afya chenye kitengo cha kinywa na meno. Wakishindwa watakuandikia rufaa ya hospitali ya mkoa, au ya Kanda pale Mbeya. Beba pakiti za dawa zote unazotumia na kadi ya kliniki. Ukiulizwa tatizo, usiishie kusema "jino linauma": sema damu ilianza lini, inatoka wapi, na wiki mbili za mswaki zilibadilisha nini. Kabla hujateremka kwenye kiti uliza tarehe ya kurudi. Baada ya kukwanguliwa kwa kina, fizi hupimwa tena kati ya wiki 6 na 12, na wenye mifuko mirefu huendelea kuonwa kila miezi mitatu hadi sita.